Aliyebandua Jina la Odeta

Odeta Malimi hakuzaliwa na hasira. Hasira alipewa, na waliompa anawajua mmoja mmoja. Ukimkuta siku yake nzuri atakutajia wote, na wa mwisho kwenye orodha ni Fundi Salehe wa Nyakato.

Alizaliwa Kisesa, binti wa fundi wa mashine za kuchambua pamba. Alisoma shule ya ufundi enzi ambazo darasa zima la umeme lilikuwa na wasichana wawili, yeye na mwenzake aliyeolewa kabla ya mtihani. Mwaka 1979 aliajiriwa na kiwanda cha nguo, idara ya umeme, na kazi waliyompa ilikuwa kubadilisha taa. Mkuu wa idara aliamini mwanamke akipewa kazi nyingine atawaletea nuksi. Basi Odeta akapanda ngazi na kushuka ngazi miaka mitano, vyeti vyake vikiwa kwenye faili lisilofunguliwa na mtu.

Zikaja mashine mpya za kufumia kutoka Ujerumani, na pamoja nazo mwalimu wa Kijerumani aliyetaka mtu wa kumshikia tochi. Wakampa Odeta. Mwalimu yule hakujua kwamba amepewa mtu wa kudharauliwa. Akamfundisha kama anavyofundisha mtu yeyote, na hilo Odeta hakulisahau.

Kila mashine ilikuwa na boksi la umeme, na ndani ya boksi chipu moja nyeusi, ndefu kama kiungo cha kidole, yenye safu mbili za miguu kama jongoo. Mgongoni ilikuwa na kidirisha cha kioo. Humo ndimo ilimokaa kumbukumbu ya mashine: uzi huu upite juu, huu chini, rangi hii sasa, ile baadaye. Kumbukumbu hiyo huandikwa kwa umeme, mafundi husema huchomwa, na hufutwa kwa mwanga mkali unaopenya kwenye kidirisha. Kwa hiyo ukishachoma unaziba kidirisha kwa stika nzito isiyopitisha mwanga. Na juu ya stika, mwalimu alisisitiza mpaka akapiga meza, unaandika jina lako, tarehe, na namba ya mashine. Chipu isiyo na jina haiingii kwenye mashine. Sababu haikuwa sifa. Siku mashine ikianza kufuma upuuzi, watu wajue wamwite nani.

Odeta aliandika jina lake kwenye chipu za kiwanda kile miaka minane. Zilipoharibika aliitwa yeye, na alikwenda yeye.

Mwaka 1994 kiwanda kikafungwa. Ruksa ilikuwa imeshaingia nchini, ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuleta mitumba meli kwa meli, na vitenge vya Mwanza vikakosa wa kuvivaa. Wakubwa waliotangaza kwamba kiwanda hakilipi ndio haohao waliokuwa wakipitisha vipuri vyake mlango wa nyuma. Siku ya mnada watu wakagombania viti vya kuzunguka na viyoyozi. Odeta akachukua, kwa bei ya chuma chakavu, boksi la kijivu lenye vitufe na kioo kidogo cha namba nyekundu, yaani mashine ya kusomea na kuchomea chipu. Akachukua na ndoo ya chipu zilizong'olewa kwenye mashine zilizokufa.

"Mama Alexander," bwana mmoja akamwuliza, kiyoyozi begani, "hilo boksi utapikia nini?"

Watu wakacheka sana. Kiyoyozi kile hakikuwaka hata siku moja, na Odeta akipita nyumbani kwa bwana huyo hugeuza shingo kukitazama, makusudi, ili aonekane akikitazama.

Akafungua kibanda cha kutengeneza redio Mabatini. Watu wakamwita Mama Redio, au Mama Alexander kwa jina la mwanawe. Jina la Odeta Malimi likabaki kwenye cheti cha ubatizo na barua ya kupunguzwa kazini.

Miaka ileile magari ya mtumba kutoka Japani yalianza kumiminika Mwanza. Mengi yalikuwa ya petroli na hayakuwa na kabureta. Yalikuwa na boksi la bati chini ya dashibodi, mafundi wakaliita kontroboksi, na boksi hilo ndilo lililoamua injini inywe mafuta kiasi gani na plagi zipige moto wakati gani. Yalifika mazuri, yananukia upya. Baada ya miezi mitatu injini zikaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya debe, na pistoni zikatoboka.

Mafundi walilaumu kila kitu, kuanzia vumbi mpaka macho ya majirani. Wengine waling'oa kontroboksi wakaitupa, wakalazimisha kabureta ya pikapu ya zamani mahali pasipo pake. Gari lililotoka Japani likipaa lilirudi barabarani likikohoa moshi mweusi, na mwenye gari akaambiwa ashukuru. Odeta aliyaona yakipita mbele ya kibanda chake, na kila moja lilimpandisha damu. Hakuwa na gari wala hakutarajia kuwa nalo. Aliumia kuona kitu kilichotengenezwa kwa akili kikiuawa kwa uvivu.

Aliokota kontroboksi moja jalalani, akaifungua, na ndani akakuta chipu. Jongoo wake wa kiwandani, yuleyule.

Akaisoma kwa mashine ya kijivu. Kioo kile kilionyesha namba moja kwa wakati, na ndani ya chipu zilikuwamo elfu nane na ushee. Akaziandika zote kwenye daftari la mwanafunzi, namba kwa namba, saa zile ambazo mgao wa umeme uliikumbuka Mabatini. Ilimchukua wiki tatu. Kisha akakaa na daftari akilitazama kama mtu anayetafuta kunguni kwenye mkeka. Nyingi hazikumwambia kitu. Lakini ukurasa wa kumi na nane na wa kumi na tisa namba zilipanda taratibu, safu baada ya safu, bila kuruka, na akajua kwamba hapo kuna mtu aliyekaa akapanga. Akajaribu kuzishusha kidogo, akachoma chipu nyingine, akaipachika kwenye gari la jirani lililokuwa likigonga. Likaacha kugonga palepale.

Alikuwa ameipata meza ya moto, yaani jedwali la namba linaloamua plagi zipige moto wakati gani. Kumbukumbu ile iliandikwa kwa ajili ya petroli safi ya Japani. Huku, baadhi ya wauza mafuta nao walikuwa na ruksa yao, na petroli waliibatiza kwa mafuta ya taa. Petroli ya namna hiyo, plagi zikiwahi kupiga moto, injini inajipiga yenyewe. Dawa ilikuwa kuzichelewesha kidogo, na hilo lilihitaji namba thelathini tu kwenye daftari. Pistoni ngapi zilitobolewa Kanda ya Ziwa kwa namba thelathini, Odeta akizifikiria mpaka leo anasaga meno.

Hapo ndipo Fundi Salehe alipoingia.

Salehe alikuwa na gereji kubwa Nyakato, na haki yake apewe: kwenye injini za zamani hakuwa na mpinzani kutoka Musoma hadi Biharamulo. Alikuwa mtu wa msikitini, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Lakini kontroboksi zilimtisha, na mtu aliyezoea kujua haogopi kitu kama kutojua mbele ya wateja. Aliposikia habari za gari la jirani alikuja Mabatini mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha Odeta, akasifu.

"Mama Alexander, Mungu amekupa mikono. Mimi nitakuletea maboksi, wewe unatengeneza, mimi nafunga. Tutasaidiana."

Kilemba cha ukoka kilimkaa Odeta vizuri siku ile, lazima ikubalike. Hakuna aliyewahi kumsifia mikono tangu Mjerumani aondoke. Akaanza kazi. Salehe alileta kontroboksi, Odeta aliifungua, akalehemu soketi, akachoma chipu kutoka kwenye ndoo yake ya kiwandani. Chipu hizo zilikuwa bado na kumbukumbu za vitenge. Alizifuta kwanza kwa taa ya zambarau ya kuulia vijidudu kwenye maji, aliyopewa na jirani yake Rose, mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara, ilipotolewa kwa uchakavu. Alizifungia kwenye bati la biskuti pamoja na taa hiyo dakika ishirini, na zikatoka tupu kama siku zilipozaliwa. Akishachoma, aliziba kidirisha kwa stika na kuandika, kwa kalamu isiyofutika: *Odeta Malimi, Mabatini*, tarehe, na namba ya gari.

"Hii stika usiibandue," alimwambia Salehe, mara ya kwanza na mara ya pili. "Ikibanduka, kazi inaharibika."

"Haya, mama," Salehe akasema, mara zote mbili.

Yakapita magari kumi na tisa. Yalikuwa yanakwenda vizuri, na sifa zikaenea mjini kwamba Fundi Salehe ana watu wake Nairobi. Odeta alilisikia hilo kwa mara ya kwanza sokoni, kwa dereva mmoja aliyekuwa akimweleza mwenzake jinsi boksi la gari lake lilivyopanda basi hadi Nairobi na kurudi limepona. Boksi lile lilikuwa limepanda mkokoteni kutoka Nyakato. Odeta alikuwa ameshika nyanya mkononi, na muuza nyanya alilazimika kumwomba aiachie kwa sababu alikuwa ameshaiminya ikatoka maji.

Wanasema chanda chema huvikwa pete. Hapa chanda kilifanya kazi, pete ikavaliwa na kidole kingine. Hata hivyo Odeta aliendelea kuchoma. Alijiambia kwamba jina lake limo ndani ya kila boksi, na siku moja mtu atafungua.

Ikaja Agosti ya mwaka 1997, wiki ya chanjo ya polio. Masista wenye zahanati ng'ambo ya Busisi walikuwa na gari moja, na gari hilo lilikuwa limetoka kwa Salehe siku chache tu zilizopita. Siku hiyo lilichukua masanduku ya barafu yenye chanjo mjini likaelekea kwenye kivuko cha Kigongo. Lilikwenda vizuri mpaka injini ilipopata moto sawasawa. Likaanza kuruka kama mbuzi. Likafika kwenye foleni ya kivuko likitetemeka, likashuka hadi ulimi wa feri, na pale, magurudumu ya mbele yakiwa ndani na ya nyuma yakiwa nchi kavu, likazima. Halikuwaka tena.

Feri ilisimama. Watu wakalisukuma gari kulirudisha nyuma huku wakitukana. Likakaa juani pale Kigongo mpaka jioni, na barafu ikawa maji, na maji yakawa ya uvuguvugu. Ng'ambo, akina mama wa vijiji vitatu walisimama na watoto migongoni tangu asubuhi. Walirudi nyumbani bila chanjo.

Kesho yake dereva wa masista, aliyeitwa Mihayo, alimwendea Salehe na kontroboksi mkononi. Na Salehe, ambaye kwa magari kumi na nane mazuri alikuwa na watu Nairobi, kwa gari moja bovu akamkumbuka mwanamke wa Mabatini.

"Hilo boksi lilipita kwa mama mmoja wa redio," alisema. "Nilimwonea huruma nikampa kazi. Ndiyo matokeo yake. Mwendeeni yeye."

Wakamwendea. Sista Evelina, mkuu wa zahanati, aliingia kibandani akiwa amefura, Mihayo nyuma yake.

"Wewe ndiye Mama Redio?"

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Wewe ndiye?"

"Ni mimi."

"Watoto zaidi ya mia tatu, mama. Wamesimama juani siku nzima. Wengine mama zao walitembea tangu alfajiri. Nikiwaita tena wiki ijayo, unadhani watakuja? Na yote ni kwa sababu fundi wa redio ameamua kujaribu bahati kwenye gari la wagonjwa!"

Mihayo akaiweka kontroboksi mezani kwa kishindo. "Mayo, mama yangu, mimi nilisukumwa na kutukanwa na feri nzima," alisema. "Konda wa basi aliniita mchawi."

 Sista alikuwa na haki ya kila neno alilosema, isipokuwa jina la mkosaji. Odeta alichukua bisibisi, akafungua skrubu nne, akainua kifuniko. Chipu ilikuwamo kwenye soketi. Kidirisha kilikuwa wazi, kinang'aa. Kuzunguka kioo kulibaki utando wa gundi na kijipande cha karatasi kisichozidi ukucha.

"Nipeni nusu saa," alisema. "Na msiondoke. Nataka mwone."

Akaitoa chipu, akaipachika kwenye mashine ya kijivu, akafungua daftari la gari lile, akamwomba Sista asome namba kutoka daftarini wakati yeye anasoma kutoka kwenye kioo chekundu. Walianza vizuri, mstari kwa mstari, zikilingana. Ukurasa wa nne Sista alisoma namba moja, kioo kikaonyesha herufi F mbili. Wakaendelea. F mbili tena. Kisha sawa, kisha namba ambayo haikuwa ya Odeta wala ya mtu yeyote, kisha F mbili nne mfululizo.

"Hizo F ni nini?" Sista akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni mahali pasipo na kitu. Hii chipu inasahau, Sista. Ikiwa baridi inakumbuka kidogo, ikipata moto inachanganyikiwa. Ndiyo maana gari liliwafikisha Kigongo likawaachia hapo." Akamwelekezea kidirisha. "Hapa nilibandika stika. Mwanga ukiingia hapa, kila kitu kinafutika. Stika ilikuwa na jina langu. Kuna mtu ameibandua."

Mihayo alikuna kichwa. "Gari lilikaa kwa Salehe siku kumi na moja likisubiri klachi," akasema polepole. "Hilo boksi lilikuwa mezani pale nje, wazi, nimelikuta hivyohivyo. Waliniambia kompyuta inataka hewa. Na pembeni wanachomelea mageti."

Jua la Agosti siku kumi na moja, na moto wa kuchomelea hatua mbili kutoka mezani. Kompyuta inataka hewa! Waliwahi kuona chumba cha kompyuta chenye kiyoyozi katika ofisi fulani, wakadhani kompyuta hupumua. Odeta alisimama bila kuvua aproni, akachukua chipu na daftari, akatembea kwa miguu mpaka Nyakato. Sista na Mihayo walimfuata, kwanza kwa sababu walitaka kujua, halafu kwa sababu waliogopa atakachofanya.

Gereji ilikuwa imejaa wateja. Salehe alikuwa chini ya kivuli cha lori akinywa kahawa.

"Shikamoo, Mzee Salehe," Odeta alisema. Hasira ni hasira, lakini alilelewa.

"Marahaba, Mama Alexander. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Nani amebandua stika yangu?"

Salehe aliwatazama wateja, kisha Sista, kisha akashusha sauti. "Mama, tuzungumze pembeni."

"Tuzungumze hapahapa. Nani?"

"Ile karatasi ya jina?" Salehe alijaribu kutabasamu. "Mama, wateja wanafungua, wanasoma. Wananiuliza, huyu Malimi ni nani? Nitawaambia nini? Kwamba gari zao zinatengenezwa na mama wa redio, kibandani? Wangekimbia wote, na wewe mwenyewe ungekosa kazi. Mimi nilikuwa nakusitiri."

"Nilikwambia usiibandue. Mara mbili nilikwambia."

"Ulisema." Hapo Salehe, kwa bahati mbaya yake, alisema kweli tupu. "Nikadhani ni mambo yenu ya kutaka sifa."

Wateja waligeuka. Hata anayechomelea geti aliinua kinyago chake. Odeta alimsogelea hatua moja.

"Sifa!" alisema. "Wewe ndiye unayetaka sifa, ndiyo maana umeitafuta hadi ndani ya boksi ukaikwangua kwa kucha! Jina langu lilikuwa limeziba dirisha, Mzee Salehe. Nimeandika jina langu ili gari likiharibika nitafutwe mimi. Wewe ulinificha wakati wa uzima, ukanitoa wakati wa msiba. Watoto mia tatu hawajachanjwa. Umebandua ngapi?"

Salehe alitazama kikombe chake.

"Ngapi?"

"Zote," alisema.

Sista Evelina aliweka mkono mdomoni. Odeta aligeuka akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima maishani mwake.

Siku hiyohiyo aliichoma upya chipu ya gari la masista, akaziba kidirisha, akaandika jina. Kisha akarudi kibandani, akakaa siku mbili bila kugusa redio, akiwaza. Na asije mtu hapa akamfanya malaika. Alichokuwa anawaza kilikuwa kitamu. Magari kumi na nane bado yalikuwa barabarani, kila moja na kidirisha wazi. Mengine yalikaa juani siku mbili, mengine wiki. Moja baada ya jingine yangeanza kuruka kama mbuzi, mjini, Geita, Sengerema, na yote yangevutwa kwa kamba hadi Nyakato, na Salehe angezikwa chini ya kontroboksi. Yeye alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Alijipikia chai, akayawaza hayo, akaongeza sukari.

Siku ya tatu Rose alimletea maneno ya mjini. Gari la abiria lilikuwa limezima ghafla kwenye mteremko wa njia ya Magu, breki zikawa nzito, na dereva aliokolewa na tuta la mchanga. Hakufa mtu. Na mjini, Rose alisema akitazama pembeni, watu walikuwa wakisema lile ni gari jingine lililochezewa na yule mama wa Mabatini.

Basi Salehe alikuwa ameshakamilisha kazi. Jina lililobanduliwa kwenye stika sasa lilikuwa limebandikwa kwenye kila ubovu wa barabarani. Odeta alirusha kikombe ukutani, kikapasuka, na ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kisha akafungua madaftari.

Alikuwa ameandika namba ya kila gari. Akachoma chipu kumi na nane mpya, kila moja kwa daftari lake, akiziba vidirisha kwa stika mbili mbili. Saba kati ya magari hayo yalikuwa ya mjini, na kwa siku nne aliyafuata nyumba kwa nyumba, stendi kwa stendi. Wenye magari wengine walimfukuza. Wawili walimtaka kwanza aende na Salehe. Aliwasimulia kwa sauti ya juu mpaka majirani wakatoka nje, na mwisho wakafungua milango. Kumi na moja yalikuwa ya ng'ambo, na gari la ng'ambo hata liwe la nani, lazima lisimame foleni pale Kigongo.

Alikwenda Kigongo na bisibisi, bati la biskuti lenye chipu, na karatasi ya namba kumi na moja. Akatembea kando ya foleni chini ya jua, akisoma vibao vya namba. La kwanza alilolipata lilikuwa pikapu iliyobeba magunia ya dagaa, ya bwana mmoja mnene wa kicheko kikubwa aliyeitwa Ngosha.

"Gari lako linaruka likipata moto?" Odeta akamwuliza dirishani.

Ngosha alishangaa. "Tangu juzi! Umejuaje, mama? Nilipanga kurudi kwa Mzee Salehe."

"Fungua mlango."

Akafungua. Odeta alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje barabarani, watu wakichungulia. Akaitoa kontroboksi, akafungua kifuniko, akang'oa chipu iliyovuliwa nguo, akapachika nyingine. Ngosha akawasha. Injini ikaimba, akaisukuma, ikaimba zaidi, akaiacha ikatulia.

"Eee!" Ngosha akapiga usukani kwa furaha. Mbele feri ilikuwa imeshusha ulimi na foleni ilianza kusogea. "Hawa ndio mafundi! Mwambie Mzee Salehe namshukuru sana. Wale watu wake wa Nairobi ni kiboko!"

Odeta alikuwa ameinuka, ameketi mlangoni na kontroboksi wazi mapajani, nyaya zake bado zimechomekwa, na skrubu nne kwenye ngumi. Hakuzifunga.

"Nani ametengeneza gari hili?"

"Mama, feri inapakia. Funga, twende."

"Nani?"

Nyuma honi zilianza. Ngosha alitazama feri, akatazama ngumi. "Si wewe, mama?"

"Mimi nani?"

"Sijui jina lako, mama yangu! Nitalijuaje?"

Odeta akainua boksi mpaka kwenye pua ya Ngosha, stika mpya ikimtazama. Ngosha alikunja uso, akasoma kwa tabu kama mtu ambaye shule aliiacha mapema. "O... Odeta... Malimi. Mabatini."

"Sema wasikie."

"Mama, kwa ajili ya Mungu..."

"Sema."

"Odeta Malimi!" Ngosha akapiga yowe, jasho likimtiririka. "Gari langu limetengenezwa na Odeta Malimi wa Mabatini! Haya, basi, nifungie!"

Foleni ikageuka kutazama. Magari mawili nyuma, mtu akatoa kichwa dirishani. "Malimi yupi?" akauliza kwa kelele. "Yule aliyeharibu gari la masista?"

Odeta akafunga skrubu zote nne, bila haraka, akakaza kila moja, akamrudishia Ngosha gari lake. Kisha akajifuta vumbi kwenye aproni na kuelekea kwenye dirisha lile, bati la biskuti kwapani.

"Huyohuyo," alisema. "Namba ya gari lako ngapi?"